Mstari wa Mwisho wa Desideria

Jumanne, 8 Julai

Foleni ilifika dirishani kabla yangu. Jana ilikuwa Sabasaba, watu walibaki nyumbani na magonjwa yao, leo wamekuja nayo yote. Upepo tangu asubuhi. Vumbi limeingia hadi kwenye vitufe vya kompyuta. Umeme ulikatika saa tatu, nikaandika kadi kwa mkono mpaka saa nane.

Akina Desideria watatu leo. Mama mtu mzima wa presha, mjamzito, na binti wa kikohozi. Wiki iliyopita walikuwa wawili. Nadhani ni jina la mtakatifu wao mkubwa. Kwetu Kondoa sikuwahi kulisikia.

Saa kumi Sista Anunsiata, mkuu wa hospitali, ameuliza historia ya hospitali ninayoiandika imefikia wapi. Nimejibu kwamba inaendelea vizuri. Haijaanza. Jubilei ni tarehe ishirini na sita, na kijitabu lazima kichapwe kabla. Mkataba wangu wa majaribio unaisha tarehe thelathini na moja. Yeye hajawahi kuzitaja tarehe hizi mbili pamoja. Ninayeziweka pamoja ni mimi.

Naogopa. Naandika hapa ili hofu isibaki kichwani peke yake.

Alhamisi, 10 Julai

Mchana kutwa stoo, kati ya madaftari ya zamani. Nimepiga chafya hadi mbavu zinauma.

Masista watatu walikuja na lori moja, vitanda sita na sanduku la dawa. Kijiji kikawapa ghala la karanga. Hiyo ndiyo wodi ya kwanza. Wagonjwa walivikataa vitanda, waliogopa kuanguka. Masista wakatandika mikeka chini na kuwahudumia wakiwa wamepiga magoti. Mmoja ameandika pembeni mwa ukurasa kwamba leo amejifunza maneno kumi ya Kigogo, na tisa kati ya hayo ni ya maumivu.

Maji yalikuja na punda kutoka korongoni. Matofali ya ofisi hii ninayokaa yalifyatuliwa na ndugu za wagonjwa, huku wakisubiri wagonjwa wao wapone.

Halafu mwaka wa njaa. Kwenye nafasi ya dawa wameandika: uji. Nimehesabu kurasa kumi na moja. Uji, uji, uji, mpaka chini. Nilikaa juu ya boksi nikashindwa kuendelea.

Wangeweza kurudi kwao. Hakuna hata mmoja aliyerudi mwaka ule.

Utaratibu mmoja waliouacha bado unafuatwa: anayempokea mtoto ndiye anayeandika mstari wake katika daftari la uzazi, kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajala. Si karani, si mwingine. Juzi nilimwona mkunga wa zamu akiandika na chai yake inapoa. Sikujua kwamba utaratibu huo una umri mkubwa kuliko mama yangu.

Jumapili, 13 Julai

Wao wako Misa. Mimi niko stoo.

Nimempata mtu. Alikuwa msichana wa kuchota maji. Siku moja sista alikuwa na mama mwingine mkononi, mtoto wa pili akaanza kutoka, msichana akampokea. Sasa nani aandike? Utaratibu ni utaratibu. Wakamfundisha kuandika. Nimeona mstari wake wa kwanza: herufi kubwa zinazopanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Nafasi ya "aliyepokea": DESIDERIA. Limejaza nafasi mbili.

Nimefuata mwandiko huo daftari baada ya daftari. Unanyooka. Unapungua. Unakuwa mzuri kuliko wangu. Zaidi ya miaka thelathini ya watoto. Masista wengine wanakuja, wanahamishwa, wanakuja wengine. Yeye yupo tu. Nimempenda. Sijui kama inafaa kumpenda mtu kwa sababu ya mwandiko.

Halafu unaisha ghafla, katikati ya ukurasa. Mstari wa mwisho una tarehe na neno moja tu: Desideria. Limeandikwa kwenye nafasi ya mama, si kwenye nafasi ya aliyepokea. Nafasi nyingine zote tupu.

Nikachukua daftari la vifo. Tarehe ileile: Desideria, mwanamke, wa kijiji hikihiki. Mwandiko wa sista. Umri haukuandikwa.

Basi alikuwa anaumwa, akakosea nafasi, akafa siku hiyohiyo akiwa kazini. Nimelia kidogo. Innalillahi.

Nimemwandikia ukurasa mzima. Jina lake nimeliweka kwenye orodha ya watumishi waliotangulia, itakayosomwa mbele ya watu wote siku ya jubilei.

Jumatano, 16 Julai

Historia imekwisha. Sista Anunsiata ameisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Amesahihisha mkato mmoja. Alipofika kwenye uji akavua miwani.

Akauliza, "Wazee uliwauliza?"

Nikajibu, "Madaftari yote nimeyasoma, Sista."

Hilo halikuwa jibu, na nadhani anajua. Aliniambia mwezi uliopita niende vijijini nikawaulize. Sikwenda. Kigogo sijui, mbwa naogopa, na mtu mzima akinitazama sana nasahau swali. Karatasi hainitazami. Sista naye amehamia hapa mwaka jana, ya zamani hayajui. Amekubali.

Ndahani, dereva wetu, amepeleka kazi mjini kuchapwa.

Jumanne, 22 Julai

Vijitabu vimefika. Karatasi inang'aa, jengo letu liko juu ya jalada. Nilikuwa na furaha kwa muda kama wa robo saa.

Ndahani alikisoma kimoja akiwa ameegemea gari, akaja dirishani.

"Dada Zuhura, umemuua bibi yangu."

Sikuelewa.

"Huyu Desideria mkunga. Ijumaa nimempita anapepeta uwele. Nikamrushia vumbi, akanitukana mpaka nikafunga kioo. Marehemu gani anatukana hivyo?"

Nilimwambia amechanganya majina. Akacheka. Akasema hata yeye alipokewa na bibi huyo, nusu ya kijiji imepokewa naye, na mabinti waliopewa jina lake hawana idadi. Mama akishukuru, anampa mtoto jina la mkunga. Kila mtu huku analijua hilo, akasema. Kila mtu isipokuwa karani.

Akina Desideria wote waliopita dirishani kwangu. Niliwaandikia kadi mmoja baada ya mwingine, nikafikiri ni mtakatifu.

Ndahani akaongeza kwamba anayemzika mzee akiwa hai hulipa faini ya beberu. Sijui kama ni utani. Nimemsihi asiseme kwa mtu. Amesema hasemi, lakini kijiji kina macho.

Jumamosi jina lake litasomwa pamoja na wafu, mbele ya askofu, mbele ya watoto wake wote. Mama aliwaambia majirani wote kule Kondoa kwamba mwanawe ana kazi ya ofisini.

Jumatano, 23 Julai

Leo nimefanya jambo la kijinga.

Wakati wa chakula nilifunga mlango wa masjala, nikachukua kalamu nene nyeusi na kuanza kulifuta jina, kijitabu kimoja baada ya kingine. Nilifika thelathini na kitu. Ndipo nikageuza ukurasa. Wino umepenya. Nyuma ya jina la Desideria kuna jina la sista wa kwanza, yule wa maneno ya maumivu. Nimemfuta naye.

Sista Anunsiata ana funguo za milango yote. Aliingia bila kubisha, akatazama meza, akatazama vidole vyangu.

"Unafanya nini, binti yangu?"

Nilimwambia yote. Daftari, tarehe, mstari mtupu, Ndahani, na kwamba sikuwauliza wazee. Chuoni tulifundishwa kwamba nafasi tupu ni swali. Umri wa marehemu haukuandikwa, nami nikaijaza nafasi hiyo kichwani mwangu. Nilisema hadi hilo la mkataba, ambalo hakuniuliza.

Alifunga kijitabu kimoja, akakiweka juu ya vingine. Ingekuwa afadhali angenifokea.

"Weka kalamu chini," alisema. "Mtu hafi kwa wino, wala hafufuki kwa wino. Kesho tutakwenda kwake. Mimi nitasalimia. Wewe utasema."

Sijala. Naandika na mkono mweusi.

Alhamisi, 24 Julai

Nimerudi. Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikasahau.

Ni mwendo wa saa nzima kwa gari, njia ya mchanga. Nyumba ya tembe, uwanja umefagiliwa, majani ya mlenda yameanikwa juu ya paa tambarare la udongo. Kikongwe mwembamba alikuwa anapepeta uwele pamoja na binti wa miaka kumi na saba hivi. Ndahani alibaki garini. Mwoga kuliko mimi.

Sista alipiga goti moja vumbini na kanzu yake nyeupe. "Shikamoo, bibi." Mimi nikasema shikamoo, sauti haikutoka.

"Marahaba. Huyu mwingine bubu?"

Sista akanitazama. Zamu yangu. Nikasema kwamba mimi ni karani wa hospitali, nimeandika historia yake, na nimemwandika yeye kuwa amekufa. Niliyasema kwa pumzi moja.

Akaendelea kupepeta. "Kumbe. Na uwele wote huu nimeupepeta bure." Binti akacheka. Bibi hakucheka. "Nilikufa lini?"

Nikamtajia tarehe.

Ungo ukasimama.

"Hiyo tarehe naijua," alisema. Akamwambia binti aache kazi aketi. Binti anaitwa Nyemo. Kwa Kigogo ni furaha.

Alieleza polepole, mikono yake ikiwa ndani ya uwele. Desideria aliyekufa siku ile ni mama yake Nyemo. Bibi ndiye aliyempokea siku anazaliwa, wakampa jina lake. Miaka ishirini baadaye msichana yuleyule akaja kwake kujifungua. Damu haikukatika. Gari lilikuwa limepeleka mgonjwa mwingine mjini. Sista wa wakati ule akapimwa, akalala kitanda cha pili, akatoa damu yake mwenyewe. Haikutosha.

"Nikaenda kuandika," alisema. "Nimeandika jina lake. La kwake, la mama mzazi. Mengine mkono ukakataa. Umri nimeulizwa, nikaona nikiutaja nitaanguka."

Baba wa mtoto alikuwa ameondoka kwenda machimboni, hakurudi. Bibi alimfunga mtoto mgongoni siku ya mazishi, akaenda naye nyumbani, hakurudi tena kazini. Kila mwezi masista walimletea maziwa ya unga na sabuni, miaka miwili, mtoto mpaka akaota meno yote. Hawakumuuliza hata siku moja anarudi lini.

Kwa hiyo hakukosea nafasi. Miaka thelathini na zaidi hakuwahi kukosea nafasi. Niliyekosea ni mimi.

Nikaomba radhi. Nilisema jina litafutwa kila mahali.

"Nani kakutuma ulifute? Yupo Desideria aliyekufa. Miaka yote hii yanasomwa majina ya masista, yanasomwa ya mapadre. Yeye hajasomwa na mtu. Msome. Lakini mtaje na baba yake, useme ni wa nani. Desideria wa Chipanha. Na mimi nitakuja nisikie." Akamgeukia Sista. "Atasoma nani?"

Sista akasema, "Huyu."

Mimi sikuwa nimeambiwa.

Bibi akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Sauti anayo?"

"Ataipata," Sista alisema.

Tukapewa karanga kwenye mfuko. Njiani Ndahani alikula nusu yake akisema hajawahi kula karanga za marehemu zikawa tamu hivi. Sista alicheka hadi akashika kioo. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu watu watakaokuwepo Jumamosi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimeisoma historia kwa sauti mara nne, nikiwatazama kuku.

Nimeswali chumbani. Siku ya kwanza nilipofika Sista aliniuliza naelekea wapi nikiswali, kisha akaita mtu wa kusogeza kabati nipate nafasi. Hakulisema tena. Ndivyo walivyo. Wanasogeza kabati, halafu wananyamaza.

Nimemuuliza kama inafaa mimi, Mwislamu, kusimama kwenye sherehe yao. Amesema Misa itakuwa imekwisha, historia haina dhehebu, na wale wa mwaka wa njaa hawakuulizwa dini kabla ya uji.

Siwezi kula.

Jumamosi, 26 Julai

Watu walijaa uwanja wote hadi uzio wa kliniki ya mama na mtoto. Kwaya, ngoma za Kigogo, askofu chini ya turubai. Upepo ulivuruga karatasi. Nikawekea jiwe.

Bibi Desideria alikuja na gari letu. Amevaa kitenge kipya na soksi. Akaketishwa mstari wa mbele, Nyemo pembeni yake. Nilisikia watu wakinong'ona jina lake. Wengi walikuwa na kijitabu mkononi, na ukurasa wa wafu wamekwisha kuusoma.

Nilianza na sauti ya panya. Mtu nyuma akasema, "Hatusikii, mwanangu." Nikaanza upya. Lori, vitanda sita, mikeka. Kisha uji. Mzee mmoja mstari wa pili alikuwa anatikisa kichwa kila niliposema neno hilo. Nadhani alikuwa mmoja wa waliopewa uji ule.

Kisha orodha. Masista kwanza. Nilipomtaja yule niliyemfuta kwa wino, nilimtaja kwa nguvu kidogo. Kisha watumishi. Kisha nikafika.

Nikasema, "Desideria."

Uwanja ukavuma kama nyuki. Wengine walisimama kumtazama bibi. Mama mmoja akashika mdomo. Karatasi nilikuwa naiona lakini haisomeki.

Bibi akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha wanawake wasukume, "Si mimi. Mimi nipo, nasubiri pilau. Malizia, mwanangu. Ni wa nani?"

Watu wakacheka. Katika kicheko hicho nikapata pumzi.

Nikasema, "Desideria wa Chipanha. Hakuwa mtumishi wa hospitali hii. Alizaliwa hapa na alikufa hapa, akimzaa Nyemo. Katika orodha hii niliandika jina lake nikidhani ni la mkunga wake. Kosa ni langu. Jina ni lake."

Kicheko kilikwisha chenyewe. Sikuthubutu kuinua macho mara moja. Nilipoinua, Nyemo alikuwa amesimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alisimama wima, mikono pembeni, kama mtoto wa shule aliyeitwa jina. Kisha msichana mwenye mtoto mgongoni akasimama upande wa wanawake. Kisha mama wa presha. Kisha askari mwanamke kutoka Chamwino, mwenye sare. Sikuwahesabu. Akina Desideria.

Baada ya chakula bibi hakuaga. Alitembea peke yake hadi mlango wa wodi ya wazazi, akasimama, akaushika mlango. Miaka kumi na saba. Sista alitaka kumfuata, akaacha. Bibi akaingia.

Alipotoka akaniagiza daftari. Nilijua ni lipi. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akalipakata, akaomba kalamu.

Chuoni tulifundishwa kwamba daftari lililofungwa haliandikwi tena. Nikampa kalamu.

Mkono wake umezeeka sasa. Herufi zilitoka kubwa, zinapanda na kushuka, kama zile za mstari wa kwanza kabisa. Umri wa mama: 20. Mtoto: msichana, hai. Aliyepokea: DESIDERIA. Limejaza nafasi mbili.

Nyemo aliusoma mstari wote, kisha akaweka kidole kwenye jina la mama yake. Wino ulikuwa wa zamani, hauchafui.

Bibi akauliza kama sasa anaweza kupata chai.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi nilikuta bahasha mezani. Mkataba wa mwaka mmoja. Sista Anunsiata alipita na ndoo ya dawa ya kudekia sakafu, anadeki mwenyewe leo, mhudumu anaumwa. Akasema, "Usome kwanza kabla ya kusaini. Na pasipoeleweka, uulize."

Vile vijitabu thelathini na kitu nimeviweka stoo, kwenye boksi la mwaka huu, na karatasi juu yake inayoeleza nani alifuta na kwa nini.

Upepo umepungua. Kompyuta inafanya kazi. Foleni ndefu.

Mtu wa saba alikuwa mjamzito, kanga begani. Nikamuuliza jina.

"Desideria."

Vidole vilikuwa vimekwisha kuanza kuandika kadi yake kwa kalamu. Nikavizuia.

"Desideria wa nani, dada?"

Akanitaja baba yake, na kijiji, kisha bila kuulizwa akaanza kunieleza ni nani aliyempokea, na ilikuwa mvua ya namna gani siku ile. Nyuma yake watu waliguna. Niliweka kalamu chini nikamsikiliza.